Mwongozo Kamili: Kuchora Relicanth na Chinchou Katika Giza la Kilindi

Michoro ya mashabiki wa Pokémon, michezo ya video yenye viumbe wa kubuni, inayonifikia, hasa ile ya viumbe wa kilindini kama Relicanth na Chinchou, hukwama karibu yote mahali pamoja. Mchoraji ana mkono mzuri, mistari yake imetulia na kiumbe anatambulika mara moja, lakini akishamwaga rangi nyeusi nyuma yake picha inakufa. Samaki anaonekana kana kwamba amekatwa kwa mkasi akabandikwa, na taa za Chinchou, ambazo ndizo zilizopaswa kuwa roho ya picha, zinageuka ukungu wa manjano usiomulika kitu chochote.

Tatizo haliko mkononi, liko katika mpangilio wa kazi. Wengi humchora kiumbe kwanza katika mwanga wa mchana, kisha ndipo wanapomtafutia giza. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: tunajenga giza kwanza, tunaamua taa iko wapi, halafu tunamwachia kiumbe kile tu ambacho taa hiyo inaweza kukifikia.

Tutafanya picha moja tangu mwanzo hadi mwisho: Relicanth anashuka taratibu, na Chinchou aliye chini yake anammulika usoni. Tukio hili halijatungwa. Katika michezo ya Ruby na Sapphire iliyotoka mwaka 2002, mchezaji anayepiga mbizi katika njia za bahari namba 124 na 126 za Hoenn, nchi ya kubuni ya michezo hiyo, hukutana na viumbe watatu tu kwenye majani ya chini ya maji, nao ni Clamperl, Chinchou na Relicanth, ambaye nafasi ya kumwona ni asilimia 5 pekee. Aliyewahi kuzungukazunguka kwenye majani yale akimsubiri anajua kwa nini samaki huyu anastahili picha iliyofanywa kwa subira.

## Vitu vinavyohitajika

Programu ya kuchorea yenye matabaka, yaani kurasa zinazopangwa moja juu ya nyingine na kuchorwa kila moja peke yake. Krita ni ya bure na inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta. Kwa simu, ibis Paint X inatosha kabisa kwa kazi hii. Kalamu ya skrini inasaidia, ila hatua zote zilizomo humu zinawezekana kwa kidole. Anayetumia karatasi amewekewa sehemu yake mwishoni.

Picha rasmi za Relicanth na Chinchou, angalau mbili kwa kila mmoja, zilizotazamwa kutoka pande tofauti. Usitumie mchoro wa shabiki mwingine kama kielelezo, kwa sababu utarithi makosa yake bila kujua.

Video ya silikanti aliye hai, samaki halisi ambaye ndiye asili ya Relicanth. Zimo nyingi zilizorekodiwa na wazamiaji na vyombo vya chini ya bahari. Picha za silikanti aliyelazwa sakafuni zinafaa kwa kusoma magamba tu, kwa kuwa samaki aliyekufa mapezi yake yamelegea na hayakufundishi mwendo.

Picha za samaki wa kilindini wenye chambo cha mwanga kichwani, ambao ndio asili ya Chinchou.

Ukurasa wa upana wa pikseli 3000 na kimo cha 2000. Simu ikilemewa, shuka hadi 2100 kwa 1400, lakini usiende chini ya hapo, maana mpito laini kutoka gizani kwenda mwangani unahitaji nafasi.

Kabla ya kuanza, zima kichujio cha usiku cha simu au kompyuta, kile kinachoifanya skrini iwe ya njano. Ukikiacha, kila rangi utakayochagua itakuwa ya bluu kupita kiasi, nawe hutaligundua hilo mpaka uione picha kwenye kifaa cha mtu mwingine.

## Hatua ya 1: Msome mnyama aliye nyuma ya kiumbe

Chora silikanti kwa mistari mitupu, vipande vidogo vitano au sita, bila kivuli wala rangi. Huyu ndiye samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa wasomaji wa pwani yetu hayuko mbali, kwani wavuvi wa Tanga wamewanasa kadhaa katika nyavu za jarife zinazotegwa maji marefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa huko hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Kitu cha kukazia macho ni mapezi. Pezi la changu au la sato huchomoza moja kwa moja kutoka ubavuni, ilhali la silikanti limebebwa na kikonyo kinene chenye mifupa na misuli, na utando wa pezi huchanua mwishoni mwa kikonyo hicho. Mapezi mawili ya kifuani, mawili ya tumboni, moja la chini karibu na mkia na la pili la mgongoni yote yako hivyo. Pezi la kwanza la mgongoni pekee ndilo lisilo na kikonyo. Mkia nao una sehemu tatu, na ile ya katikati ni ndogo, imechomoza kidogo kupita nyingine.

Tazama pia anavyoogelea. Hapigi mkia kwa haraka. Huyapeleka mapezi ya ubavuni kwa kupishana, la kifuani la kushoto likienda pamoja na la tumboni la kulia, na mara kwa mara huinamisha kichwa chini na kubaki hivyo akielea. Mkao huo wa kuinama ndio tutakaoutumia.

Kanuni ninayoisisitiza hapa ni kwamba idadi ya mapezi na umbo la nje vifuate mchezo, lakini uzito na mwendo vifuate mnyama. Wabunifu wa mchezo wamerahisisha mwili wa silikanti, na mashabiki watakuuliza ukiongeza pezi ambalo Relicanth hana. Hakuna atakayekuuliza ukiyapa mapezi aliyo nayo vikonyo vyenye nyama. Watahisi tu kwamba samaki huyu ana uhai.

Kuhusu rangi, silikanti aliye hai ni wa bluu iliyoiva mwenye madoa meupe, na akifa hufifia kuelekea kahawia na kijivu. Rangi ya Relicanth, kahawia ya jiwe yenye mabaka meusi, inakaribia zaidi ile ya samaki aliyehifadhiwa makumbusho, na mimi huona kwamba jambo hilo linampa heshima ya kipekee. Tutaiacha kama ilivyo.

Kwa Chinchou, soma mahali taa inapoanzia. Katika samaki halisi, shina la chambo ni mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni uliorefuka na kusogea mbele juu ya kichwa, na mwanga wake hutolewa na bakteria wanaoishi ndani ya kifundo cha mwishoni. Mchezo wenyewe unaeleza kwamba vipapasio vya Chinchou vilitokana na pezi. Kwa hiyo usivichomeke juu ya ngozi. Vifanye vinene kwenye shina, vikiwa vimejikita ndani ya fuvu, kisha vipungue unene kuelekea kwenye taa.

Zingatia vipimo: Relicanth ana urefu wa mita 1 na Chinchou nusu mita. Ukimchora Chinchou mdogo kama kidole, taa zake hazitakuwa na nguvu ya kumulika uso wa mwenzake, na picha nzima itapoteza sababu.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuchora silikanti aliyeinama, bila kutazama kielelezo, na vikonyo vya mapezi vikaonekana.

## Hatua ya 2: Amua mwanga kwa vipicha vidogo

Katika ukurasa mmoja chora miraba mitatu au minne midogo, na ndani ya kila mmoja panga picha nzima kwa rangi tatu tu: nyeusi, kijivu na nyeupe kiasi. Usichore macho wala magamba. Unachotafuta ni mahali pa giza na mahali pa nuru.

Pendekezo langu ni hili. Kichwa cha Relicanth kiwe upande wa kushoto, chini kidogo ya katikati ya picha, na mwili upande kwa mshazari hadi mkia upotee pembeni juu kulia. Chinchou akae chini kushoto, na taa zake mbili ziwe mbele na chini ya taya la Relicanth. Hivyo mwanga utapanda kutoka chini, utashika taya, kifua na vikonyo vya mapezi ya mbele, kisha utaacha paji, mgongo na mkia gizani.

Usiweke taa katikati ya mtazamaji na ubavu wa samaki, kwa kuwa mwanga utampiga sawasawa mwili mzima na kumfanya awe bapa. Pia usiongeze chanzo kingine cha mwanga kwa hofu kwamba mkia hautaonekana. Mkia usioonekana vizuri ndio unaomwambia mtazamaji kwamba bahari hii ni kubwa.

Punguza kipicha ulichokichagua mpaka kiwe na ukubwa wa stempu ya barua. Kama bado unatambua kichwa na taa kwa mtupo mmoja wa jicho, endelea. Kama unaona mabaka yasiyoeleweka, rudia. Hakuna hatua ya mbele itakayoweza kuliponya kosa la hapa.

## Hatua ya 3: Jenga maji

Fungua ukurasa wako na ujaze tabaka la chini kwa bluu iliyokaribia weusi. Kwenye vipimo vya rangi, weka nyuzi 210 kwa aina ya rangi, asilimia 80 kwa ukolezi na asilimia 8 kwa mng'ao.

Usitumie nyeusi tupu. Nyeusi tupu ni mwisho wa ngazi, na ukianzia mwisho hutakuwa na mahali pa kushukia utakapotaka vivuli na majani ya mbele yawe meusi kuliko maji.

Kwa brashi laini na kubwa, tia juu kabisa ya picha bluu yenye mng'ao wa asilimia 12 hivi. Silikanti huishi zaidi katika kina cha mita 100 hadi 300, ambako mabaki ya nuru ya jua bado yanafika, nayo ni ya bluu kwa kuwa maji hufyonza nyekundu kwanza, kisha rangi ya chungwa na manjano, na kuiacha bluu isafiri mbali zaidi. Halafu weka duara pana, laini sana, la bluu inayoelekea kijani mahali taa zitakapokaa, likiwa na mng'ao usiozidi asilimia 20.

Ukitazama sasa unapaswa kuona maji yenye kina, ingawa hakuna kiumbe hata mmoja. Ukiona ukuta mweusi wenye doa, mpito wako ni mkali mno. Ongeza ukubwa wa brashi na upunguze nguvu yake.

## Hatua ya 4: Mistari

Chora viumbe kwenye tabaka jipya kwa mstari wa bluu-kijivu wenye mng'ao wa asilimia 40, ili uonekane juu ya giza. Mistari hii ni ya muda na karibu yote itafutwa, kwa hiyo usipoteze saa nzima kuipamba.

Muinamishe Relicanth nyuzi 20 hadi 30. Pezi la kifuani lililo karibu na mtazamaji lipeleke mbele, na la tumboni la upande huohuo lirudi nyuma. Kichwa kiwe kizito, taya liwe pana, na mwili usipungue unene haraka kuelekea mkiani, kwa sababu silikanti ni mnene hadi karibu na mwisho. Hapo ndipo michoro mingi humgeuza kuwa samaki wa kawaida wa sokoni.

## Hatua ya 5: Rangi za msingi

Weka tabaka moja kwa Relicanth na jingine kwa Chinchou. Jaza kila mmoja kwa rangi zake za kawaida kama zinavyoonekana kwenye picha rasmi: kahawia na mabaka meusi kwa Relicanth, bluu kwa Chinchou pamoja na manjano ya taa na ya sehemu za macho. Jaza sawasawa, bila kivuli.

Kwa sasa wataonekana wamebandikwa. Ndivyo inavyotakiwa, na hatua inayofuata itawazamisha.

## Hatua ya 6: Zamisha kila kitu gizani

Juu ya tabaka la Relicanth fungua tabaka jipya na ulibane ili lisitoke nje ya umbo lake. Katika ibis Paint X kitufe hicho kinaitwa Clipping. Katika Krita weka matabaka hayo katika kundi moja, kisha utumie Inherit Alpha. Lijaze kwa bluu nzito, nyuzi 215, ukolezi asilimia 70, mng'ao asilimia 18, na ubadilishe hali ya tabaka kuwa Multiply, ambayo hutia giza rangi zilizo chini yake. Fanya vivyo hivyo kwa Chinchou, lakini ziache taa zake nje ya giza hili.

Viumbe wako watatoweka karibu kabisa, na wengi wakifika hapa huingiwa na hofu na kupunguza nguvu ya tabaka hadi nusu. Ninakuomba usifanye hivyo. Nusu-giza ndilo linaloleta ile sura ya kijivu iliyochakaa ambayo wasomaji hunilalamikia.

Sasa futa mistari ya mgongo na ya mkia. Acha kingo hizo ziyeyukie ndani ya maji, hata pale ambapo huwezi kusema samaki ameishia wapi. Matokeo mazuri ya hatua hii ni picha ambayo karibu haionyeshi kitu ila taa mbili za manjano na vivuli viwili vya maumbo.

## Hatua ya 7: Acha taa ifanye kazi

Hii ndiyo hatua inayoamua yote, hivyo tutaenda nayo polepole.

Usipake mwanga, futa giza. Chukua kifutio laini, au bora zaidi utumie barakoa ya tabaka (layer mask), inayoficha bila kufuta, ili uweze kurudi nyuma, na uanze kuondoa tabaka la Multiply pale tu mwanga unapogusa. Rangi ya msingi uliyoiweka katika hatua ya 5 itaibuka yenyewe, kahawia ikiwa kahawia na baka likiwa baka. Sababu yake ni kwamba mwanga hufichua rangi ya kitu ulichokipiga. Anayepaka manjano juu ya samaki anaifunika rangi hiyo, na ndiyo maana taa zake huonekana kama moshi.

Pima umbali. Ukienda mara mbili ya umbali kutoka kwenye taa, mwanga unabaki robo. Chukulia taa ziko sentimita 25 kutoka kwenye taya la Relicanth. Sehemu ya mwili iliyo sentimita 50 kutoka kwenye taa itapata robo ya mwanga unaopata taya, na iliyo mita 1 itapata sehemu moja tu kati ya 16, mbali na kile kinachofyonzwa na maji yenyewe. Kwa vitendo, futa giza kwa nguvu kamili chini ya taya, kwa nguvu ndogo kifuani, kwa mguso mwepesi sana kwenye vikonyo vya mapezi ya tumboni, na usiguse kabisa nyuma ya hapo.

Fuata umbo. Nyuso zinazotazama chini na mbele ndizo zinazopata mwanga. Mdomo wa chini unang'aa, mdomo wa juu umekatwa nusu, paji lina giza. Pezi la kifuani linatupa kivuli juu ya ubavu, na kivuli hicho kielekee juu na nyuma, mbali na taa. Kivuli hiki kimoja kina thamani kuliko magamba mia, kwa sababu ndicho kinachothibitisha kwamba taa iko pale ulipoiweka.

Chinchou naye anamulikwa na taa zake mwenyewe. Ziko juu yake, kwa hiyo futa giza kwenye kichwa na sehemu ya juu ya macho, na uliache tumbo lake likiwa bluu nzito inayokaribia maji. Karibu kila mchoro ninaoletewa una Chinchou aliyeng'aa mwili mzima, na hapo taa zake zinapoteza kazi.

Badili rangi kwa umbali. Baada ya kufuta giza, fungua tabaka jingine lililobanwa, liweke katika hali ya Overlay kwa nguvu ya asilimia 30, na utie manjano ya joto karibu na taa, manjano inayoelekea kijani kifuani, na kijani-bluu hafifu mahali mwanga unapokwisha. Katika mita moja ya maji safi badiliko hili ni dogo mno kwa jicho. Tunalikuza kwa makusudi ili mtazamaji ahisi umbali ambao skrini bapa haiwezi kumpa.

Malizia taa zenyewe. Kiini cha kila taa kiwe karibu cheupe, chenye tone la manjano, na ukingo wake uwe manjano iliyokolea. Kisha, kwenye tabaka la hali ya Add, zungushia mng'ao kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 20 hadi 30. Mng'ao huu usivuke mara moja na nusu ya kipenyo cha taa. Kila unapoupanua, macho ya mtazamaji yanahamia kwenye ukungu na kuuacha uso wa Relicanth.

Sasa fanya ukaguzi ambao sikuruhusu uuruke. Fungua tabaka juu ya yote, lijaze rangi nyeusi, na uweke hali ya Color. Picha itakuwa ya kijivu. Sehemu angavu kuliko zote ziwe taa pekee. Taya lifuate kwa mbali, lisizidi asilimia 70 ya mng'ao. Kifua kishuke hadi 30 au 40. Mkia uwe karibu sawa na maji. Ikiwa taya linashindana na taa, rudisha giza kidogo. Ukishamaliza ukaguzi, lifiche tabaka hilo, usilifute, maana utalihitaji tena.

## Hatua ya 8: Jicho, magamba na alama nyekundu

Anza na jicho la Relicanth. Silikanti ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, kama lilivyo jicho la paka, na video za wazamiaji humwonyesha macho yakimeta kijani inayoelekea manjano. Tia mmeto huo kwa kiasi, kisha weka nukta mbili ndogo sana za mwanga, zikiwa karibu karibu, upande wa chini wa jicho. Ni mbili kwa sababu Chinchou ana taa mbili. Mtazamaji huenda asizihesabu, lakini nukta hizo humfunga kiumbe mmoja kwa mwingine kuliko chochote kingine katika picha.

Magamba yachore mahali mwanga unapokutana na giza, basi. Magamba ya silikanti ni mazito na yenye kukwaruza, na ukwaruzaji huonekana vizuri pale mwanga unapopita kwa mshazari. Katikati ya mwanga yanafifia, na gizani hayaonekani. Kuyachora mwili mzima ni kazi kubwa inayoiharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Alama nyekundu iliyo chini ya taya la Relicanth inahitaji uangalifu. Kilindini nyekundu huonekana nyeusi, kwa kuwa mwanga mwekundu wa jua haufiki huko, na ndiyo sababu viumbe wengi wa maji marefu wana ngozi nyekundu: inawaficha. Alama hii itaonekana tu kwa kuwa taa ya manjano iko karibu nayo. Ipake nyekundu hai kwenye upande unaotazama taa, na uiache iwe kahawia nyeusi upande wa pili. Usiweke nyekundu nyingine popote kwenye picha.

## Hatua ya 9: Chembe na majani

Katika bahari ya kina daima kuna chembe zinazoshuka kutoka juu, mabaki ya viumbe waliokufa na uchafu wao, ambazo wanasayansi huziita theluji ya bahari. Ziweke chache, za ukubwa usiolingana, na zilizo karibu na mtazamaji zitiwe ukungu.

Chembe zionekane ndani ya eneo la mwanga tu. Zikitapakaa picha nzima kwa mng'ao sawa zitageuka nyota, na samaki wako atakuwa anaelea angani.

Mbele kabisa, chini, chora majani machache ya baharini kama vivuli vyeusi kuliko maji. Yanakumbusha mahali pa mchezo na yanaipa picha tabaka la mbele. Kingo za majani yaliyo upande wa taa zinaweza kupata mstari mwembamba wa kijani.

Washa tena tabaka la ukaguzi. Jicho lako liende kwanza kwenye taa, kisha usoni, kisha lipande kufuata mwili hadi linapoupoteza.

## Hatua ya 10: Kuhifadhi na kuonyesha

Picha zenye giza zina ugonjwa wao: mpito laini hukatika na kuwa mistari mipana kama ngazi, hasa ukihifadhi kwa JPEG iliyobanwa. Ongeza chengachenga nyepesi juu ya picha nzima, asilimia 2 au 3, kisha uhifadhi kwa PNG. Faili yenye matabaka ihifadhi kando.

Itazame kwenye simu nyingine yenye mwanga wa skrini ulioshushwa hadi nusu, maana wengi wataiona hivyo. Kama uso wa Relicanth umepotea, ongeza mng'ao wa eneo la mwanga pekee kwa asilimia 5 hadi 10. Usiinue picha nzima, kwa sababu maji yatakuwa kijivu na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Unapoionyesha, andika kwamba ni mchoro wa shabiki, na utaje kuwa Relicanth na Chinchou ni mali ya Nintendo, Creatures na GAME FREAK. Kuuza chapa au fulana zenye viumbe hawa bila idhini ni jambo linaloweza kukuletea madai ya kisheria. Na kama mkao wa samaki umeuchukua kutoka kwenye picha ya mzamiaji fulani, mtaje jina.

## Kwa wanaotumia karatasi

Nunua manila nyeusi, penseli nyeupe, na penseli za rangi zenye nta nyingi za manjano, kijani, bluu, kahawia na nyekundu moja. Hatua za 1 na 2 hazibadiliki. Karatasi yenyewe inachukua nafasi ya hatua za 3 na 6, kwa hiyo huna giza la kufuta. Unachofanya ni kujizuia.

Paka nyeupe kwanza, kwa mkono mwepesi, mahali palepale ambapo kwenye skrini ungefuta giza, kwa sababu penseli ya manjano ikigusa manila nyeusi moja kwa moja hufifia na kuwa kijani chafu. Juu ya nyeupe hiyo weka kahawia ya ngozi, kisha manjano. Nyeupe ya nguvu kamili ihifadhi kwa viini vya taa na nukta mbili za jichoni, na uziweke mwisho kabisa, ukiwa umeweka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, kwa kuwa vumbi la penseli likisambaa juu ya manila nyeusi halifutiki bila kuacha alama.